Kemia inayoishia mlangoni: Siri ya metali za mpito katika mitaa ya Eastlands

MWANAFUNZI wa kidato cha pili katika shule yoyote ya mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi, huweza kutaja bila kigugumizi mpangilio wa elektroni wa elementi 20 za kwanza. Kaboni ni 2.4, sodiamu ni 2.8.1, na hatimaye kalisiamu, elementi ya 20, ni 2.8.8.2. Hapo ndipo mtaala wa mfumo wa 8-4-4 ulipotia nukta.

Elementi ya 21 ni skandiamu, nayo ndiyo ya kwanza katika safu ndefu ambayo wanakemia huiita elementi za mpito. Ni sawa na kumfikisha mgeni mlangoni kisha kumwambia arudi kwao. Nyuma ya mlango huo kuna chuma, shaba, zinki, kromiamu, nikeli, manganizi, fedha na dhahabu. Ukiondoa alumini ya sufuria na risasi ya betri za magari, hizo ndizo metali zinazogongwa Kamukunji, zinazochomelewa Kariobangi Light Industries na kupimwa kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma kuukuu kandokando ya jaa la Dandora.

Pengo hilo halikosi madhara. Miaka miwili baadaye, mwanafunzi yuyo huyo hurejeshwa kwa metali hizo katika mada za kidato cha nne, ambapo chuma, shaba na zinki ni tatu kati ya metali tano anazopaswa kuzifahamu kwa kina. Akiulizwa mpangilio wa elektroni wa chuma, elementi ya 26, na akaendeleza kanuni aliyofunzwa, ataandika 2.8.8.8. Jibu sahihi ni 2.8.14.2.

Tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo asili ya karibu kila jambo ambalo metali hizi hutenda: rangi zake, sumaku, ugumu, uwezo wa kuharakisha mabadiliko ya kemikali, na sumu. Anayeielewa hahitaji kukariri orodha. Tena hahitaji kwenda mbali kuona mifano.

Wapangaji wa ploti

Atomi yaweza kufananishwa na ploti ya ghorofa kama zile za Huruma au Kayole. Kiini cha atomi kipo chini, nazo elektroni ni wapangaji wanaojaza ghorofa kuanzia ya chini kupanda juu. Katika elementi 20 za kwanza, kila mpangaji mpya huingia ghorofa ya juu kabisa iliyo wazi. Apitaye barabarani akitazama juu huona tofauti papo hapo, kwa kuwa mtu mpya amejitokeza kwenye roshani.

Kuanzia skandiamu mambo hubadilika. Ghorofa ya nne tayari ina wapangaji wawili, lakini ghorofa ya tatu, iliyodhaniwa kuwa imejaa ilipofikisha wanane, kumbe ina vyumba vitano zaidi upande wa nyuma, kila kimoja chenye vitanda viwili. Wapangaji waliingia ghorofa ya nne kwanza kwa sababu vyumba vyake vya mbele vilikuwa nafuu kidogo kwa gharama ya nishati. Sasa wanaofuata, mmoja baada ya mwingine, wanajaza vile vyumba vitano vya nyuma. Ndiyo sababu skandiamu ni 2.8.9.2, chuma ni 2.8.14.2 na zinki, ambapo vitanda vyote kumi vimepata watu, ni 2.8.18.2.

Safu hiyo ina wakaidi wawili. Kromiamu ni 2.8.13.1 badala ya 2.8.12.2, na shaba ni 2.8.18.1 badala ya 2.8.17.2. Vyumba vya nyuma huwa na utulivu zaidi vikiwa na mtu mmoja mmoja kila chumba, au vikiwa vimejaa kabisa, hivyo mpangaji mmoja wa juu hushuka kukamilisha hesabu.

Ipo pia desturi nyingine ya wapangaji hawa. Hakuna anayekubali kulala chumba kimoja na mwenzake iwapo kuna chumba kingine kitupu. Manganizi, yenye elektroni tano katika vyumba vitano, ina wapweke watano. Chuma kina sita, hivyo wawili hulazimika kushirikiana na wanne hubaki wapweke. Zinki haina mpweke hata mmoja.

Elektroni iliyo peke yake chumbani hutenda kama kijisumaku. Katika chuma, kobalti na nikeli, vijisumaku vya mamilioni ya atomi huelekea upande mmoja, na hiyo ndiyo nguvu anayoitegemea mnunuzi wa vyuma kuukuu anayening'iniza kipande cha sumaku kwenye kamba ili kutenganisha chuma na shaba. Chuma cha pua cha aina inayotumiwa sana kutengeneza vyombo vya jikoni, chenye takriban asilimia 18 ya kromiamu na 8 ya nikeli, huwa hakivutwi ingawa sehemu kubwa ni chuma. Namna atomi zilivyopangwa ndani yake huvunja mwelekeo huo wa pamoja. Muuzaji asiyejua hilo huweza kuuza kitu cha thamani kwa bei ya takataka.

Elektroni za vyumba vya nyuma husaidia pia kuzishikanisha atomi. Kalisiamu, ambayo haina wapangaji huko, huyeyuka katika nyuzijoto 842 za Selsiasi. Chuma huyeyuka katika nyuzijoto 1,538 na tungsteni, iliyo katika safu ya tatu ya kundi hili, katika 3,422. Zinki, ambayo wapangaji wake wa nyuma wamejifungia wawili wawili na hawashiriki kazi za jumuiya, huyeyuka katika nyuzijoto 420 tu, na zebaki iliyo chini yake jedwalini ni kioevu hata asubuhi ya baridi ya Julai.

Fundi wa jua kali aliyegundua kwamba tanuri la makaa linaloyeyusha alumini haliwezi kuyeyusha chuma, bali hukilainisha tu kikagongeka, amelithibitisha jambo hilo bila kitabu.

Rangi za karatasi ya tatu

Mahali ambapo watahiniwa wa KCSE hukutana na elementi hizi ana kwa ana ni katika mtihani wa vitendo, karatasi ya tatu ya kemia. Mtahiniwa hutia matone ya sodiamu haidroksaidi katika myeyusho asioujua. Mashapo ya kijani huashiria ioni za chuma zilizopoteza elektroni mbili; ya hudhurungi, chuma kilichopoteza tatu; ya buluu, shaba. Yakiwa meupe na kuyeyuka matone yanapozidi, zinki huwa miongoni mwa washukiwa.

Wengi hukariri orodha hiyo kama majina ya vituo vya matatu. Ina sababu yake. Ioni ya metali ya mpito inapozungukwa na molekuli za maji au majirani wengine, vile vyumba vitano vya nyuma haviwi sawa tena. Baadhi hugharimu nishati zaidi kuliko vingine. Elektroni iliyo katika chumba cha gharama ndogo huweza kuruka hadi cha gharama kubwa ikimeza mwanga wenye nishati inayotoshana na tofauti hiyo. Shaba humeza mwanga wa upande wa wekundu, nao mwanga uliobaki hulifikia jicho ukiwa buluu.

Zinki haina pa kurukia kwa kuwa vitanda vyote vimejaa, hivyo chumvi zake huwa nyeupe. Ndiyo maana wanakemia wengi huikatalia jina la elementi ya mpito ingawa imeketi katika safu hiyo hiyo. Skandiamu nayo, ikishapoteza elektroni tatu, haina wa kuruka, na chumvi zake pia hazina rangi.

Majirani wana usemi mkubwa katika jambo hili. Fuwele za buluu za salfeti ya shaba zikipashwa moto hupoteza maji na kugeuka unga mweupe. Shaba ni ile ile. Waliohama ni majirani. Tone la maji likidondokea unga huo, ubuluu hurejea.

Weupe wa aina hiyo ndio uliofanya mchanga wa Kwale uwe bidhaa. Kuanzia 2013 hadi Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba huko madini ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni na kuyasafirisha ng'ambo. Titaniamu iliyopoteza elektroni zake nne za nje haina hata moja iliyobaki katika vyumba vya nyuma. Oksaidi yake ni nyeupe kupindukia, nayo hutumiwa viwandani kote duniani kutengeneza rangi ya kupaka kuta, plastiki na hata dawa ya meno.

Mtihani wa vitendo una jaribio jingine maarufu, la kupima kiasi cha chuma kwa kutumia potasiamu pamanganeti. Zambarau iliyokolea hutiririka kutoka kwenye bureti na kutoweka, hadi tone moja la ziada liache waridi hafifu. Hesabu yake huwatatiza wengi, hususan uwiano wa 1 kwa 5. Manganizi katika pamanganeti huwa katika hali ya 7, na ikimaliza kazi huwa katika hali ya 2. Imepokea elektroni tano. Kila ioni ya chuma hutoa elektroni moja tu, ikitoka 2 kwenda 3. Kwa hivyo, manganizi moja huhitaji ioni tano za chuma. Hakuna cha kukariri hapo.

Uwezo huo wa kuwa na hali nyingi hutokana na ploti yetu. Gharama ya kumtoa mpangaji wa ghorofa ya juu na ile ya kumtoa wa vyumba vya nyuma zinakaribiana, hivyo metali hizi huweza kutoa wawili leo na watatu kesho. Sodiamu hutoa mmoja na kufunga lango.

Hata kliniki za akina mama wajawazito, kama zile za Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, haziko mbali na somo hili. Vidonge vya kuongeza damu aghalabu huwa na chuma cha hali ya 2, kwa sababu utumbo hukifyonza kwa urahisi kuliko cha hali ya 3. Chai inayonywewa pamoja na vidonge hivyo hukifunga chuma na kupunguza kiasi kinachoingia mwilini, nayo matunda yenye vitamini C hufanya kinyume chake.

Moshi wa kuchomelea

Kubadilika kwa hali kuna upande wa hatari, na hapa ndipo mafundi wa jua kali wanapohusika moja kwa moja.

Kromiamu ya hali ya 3 ni ya kijani, haina ukali mwingi, na ndiyo inayotumiwa kulainisha ngozi za viatu kama vile viuzwavyo Kariokor. Kromiamu ya hali ya 6 ni ya manjano au rangi ya chungwa, nayo husababisha saratani ya mapafu. Tofauti kati yao ni elektroni tatu tu. Ioni ya hali ya 6 inafanana kwa umbo na ioni ya salfeti, ambayo seli za mwili huihitaji, hivyo hupenya kupitia malango yale yale. Ikishafika ndani hunyakua elektroni kutoka kwa molekuli za seli hadi irudi katika hali ya 3, na katika unyakuzi huo huharibu DNA.

Vidimbwi vya kung'arisha vyuma kwa umeme, ambako bampa na vipuri hupakwa kromiamu ya kumeremeta, kwa desturi hutumia ile ya hali ya 6. Fundi anayechomelea chuma cha pua naye huizalisha bila kukusudia, kwa kuwa joto kali la cheche na oksijeni ya hewani huisukuma kromiamu iliyo ndani ya metali hadi katika hali hiyo na kuirusha ikiwa mafusho. Mwaka wa 2017, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliyaweka mafusho ya kuchomelea kwa jumla katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu.

Manganizi nayo haikosi kwenye vijiti vya kuchomelea, kwa kuwa huimarisha kiungo. Inapovutwa kwa miaka mingi hushambulia ubongo na kuleta mtetemeko na mwendo mzito unaoshabihiana na maradhi ya Parkinson.

Zinki huleta kisa cha namna nyingine. Mabati na mabomba huvikwa zinki ili chuma kisishike kutu, kwa sababu zinki hukubali kuliwa kwanza. Hata bati likikwaruzwa, zinki iliyo pembeni huendelea kujitoa mhanga. Lakini fundi akichomelea bomba hilo bila kuikwangua, zinki huchemka na kugeuka moshi mweupe. Jioni hushikwa na baridi, homa na maumivu ya viungo yanayofanana na malaria, na asubuhi ya pili huwa yameisha. Wengi huenda kununua dawa za malaria.

Imani iliyoenea miongoni mwa wachomeleaji kwamba pakiti ya maziwa huosha kifua haina msingi, kwa kuwa maziwa huenda tumboni na moshi huenda mapafuni. Kinachosaidia ni kuikwangua zinki kabla ya kazi, kufanyia kazi mahali penye upepo, kusimama upande utokako upepo, na kuvaa barakoa iliyotengenezwa kwa ajili ya mafusho. Kitambaa puani hakizuii chembe ndogo kiasi hicho.

Kuna jambo jingine linalofanyika kila jioni mahali panapokusanywa skrapu: kuchoma nyaya za umeme ili plastiki iungue na shaba ibaki. Ndimi za moto huwa na kijani na ubuluu, rangi ya shaba ile ile ya maabarani. Uovu wake haumo katika rangi. Plastiki ya nyaya aghalabu ni PVC, yenye klorini nyingi, na shaba ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kemikali bila chenyewe kuisha. Huzipa molekuli mahali pa kushikia na kukutana, huku ikipokea na kutoa elektroni kwa zamu. Miongoni mwa mambo inayoharakisha moshi unapopoa ni kuundwa kwa dioksini, sumu ambazo hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka. Waya ungemenywa kwa kisu, shaba isiyoungua ingepata bei nzuri zaidi.

Kazi hiyo hiyo ya kichocheo, ikielekezwa vyema, huokoa hewa. Magari mengi yaliyotumika yanayoingizwa nchini kutoka Japani huja na kasha la chuma katikati ya bomba la moshi. Ndani yake mna kauri yenye vijitundu iliyopakwa gramu chache za platinamu, paladiamu na rodiamu, metali za mpito zinazogeuza kaboni monoksaidi na gesi nyingine za sumu kuwa kaboni dayoksaidi, naitrojeni na mvuke. Kasha hilo halingefaa kitu wakati petroli ilipokuwa na risasi, kwa kuwa risasi hufunika metali hizo na kuziua nguvu. Kenya iliachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006.

Baadhi ya wenye magari huling'oa kasha hilo wakiambiwa kwamba linapunguza kasi ya gari, kisha likauzwa kwa wanunuzi wanaojua vyema kilichomo. Mwaka wa 2021, aunsi moja ya rodiamu ilipita dola 20,000 katika soko la dunia.

Serikali yenyewe imewahi kutikiswa na biashara ya metali hizi. Januari 11, 2022, minara ya laini ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi iliporomoka Imara Daima na nchi ikaingia gizani. Siku chache baadaye, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu akitaja uharibifu wa miundombinu. Marufuku hayo yaliondolewa Mei mwaka uo huo, wafanyabiashara wakitakiwa kufuata masharti mapya ya leseni. Chuma kilichovikwa zinki hakina alama ya kuonyesha kilikotoka, na kikishaingia tanuri hakuna awezaye kutofautisha mguu wa mnara na fremu ya kitanda.

Kuhusu jaa la Dandora, utafiti uliotolewa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) mwaka wa 2007 ulipima watoto 328 waishio karibu, na nusu yao wakapatikana na kiwango cha risasi kwenye damu kilichofikia au kupita mpaka uliokubalika kimataifa wakati huo. Risasi si metali ya mpito. Iko upande wa kulia wa safu hizo. Kadmiamu na zebaki, sumu nyingine zinazohusishwa na jaa hilo, zimeketi chini kabisa ya zinki. Zinafanana nayo kiasi cha kuchukua nafasi yake ndani ya mwili, lakini kazi ya zinki haziiwezi.

Ghorofa mbili chini

Chini ya jedwali la elementi lililobandikwa ukutani mwa maabara huwa na safu mbili zilizotengwa, mfano wa vyumba vya nyongeza vilivyojengwa nje ya nyumba za Buruburu. Wanafunzi wengi hudhani ni ziada isiyo na maana. Ukweli ni kwamba zimeshushwa huko ili jedwali litoshe karatasi. Mahali pake halisi ni ndani, baada ya bariamu na baada ya radiamu.

Hizo ndizo elementi za mpito wa ndani. Hapa mpangaji mpya haingii ghorofa ya pili kutoka juu bali ya tatu kutoka juu, yenye vyumba saba vya siri na vitanda 14. Neodimiamu, elementi ya 60, ni 2.8.18.22.8.2. Jirani yake wa namba 63, yuropiamu, ni 2.8.18.25.8.2. Ghorofa mbili za juu zinalingana kabisa, na apitaye nje hawezi kujua kilichobadilika.

Kwa sababu hiyo elementi za safu ya kwanza, zinazoanza na lanthanamu namba 57 na kufika namba 71, hushabihiana mno. Zikikaa pamoja katika jiwe moja, kuzitenganisha ni kazi ya kuchosha. Kijiji kimoja cha Uswidi, Ytterby, kilitoa jiwe ambalo liliwapa wanakemia majina ya elementi nne, kwa kuwa kila walipodhani wamepata kitu kimoja walikuta mchanganyiko. Viwanda vya sasa hulazimika kurudia hatua za kutenganisha mara mamia, na sehemu kubwa ya kazi hiyo duniani hufanyika China.

Huitwa madini adimu duniani, jina linalopotosha. Seriamu, kwa mfano, hupatikana ardhini kwa kiasi kinachokaribiana na shaba. Adimu ni kuipata ikiwa peke yake.

Eastlands, seriamu iko mfukoni mwa kila mwenye kibiriti cha gesi. Kijiwe kinachotoa cheche si jiwe bali ni mchanganyiko wa chuma na seriamu pamoja na ndugu zake. Kikikwaruzwa, chembe zake hushika moto zenyewe zikikutana na hewa. Mwaustria Carl Auer von Welsbach ndiye aliyekivumbua mwaka wa 1903, na ndiye pia aliyebuni kisoksi cha taa ya karabai, kilichotengenezwa kwa oksaidi ya toriamu ikiongezwa asilimia moja ya seriamu. Toriamu imo katika safu ya pili ya elementi hizi, pamoja na uraniamu, na safu hiyo yote hutoa mnururisho.

Yuropiamu ndiyo iliyotia wekundu katika skrini za televisheni za zamani zenye tumbo kubwa, ambazo sasa huishia jaani. Nayo neodimiamu huunda sumaku zenye nguvu kupindukia: atomi mbili za neodimiamu, 14 za chuma na moja ya boroni. Chuma hutoa nguvu nyingi. Elektroni za neodimiamu, zilizofichika ghorofa za chini ambako majirani hawazifikii, huzuia mwelekeo usiyumbe. Sumaku hizo zimo katika spika za simu, vifaa vya masikioni na diski za kompyuta.

Baadhi ya ving'amuzi vya moshi vya kubandikwa darini huwa na chembe ya amerisiamu, elementi ya 95, ambayo huchukua miaka 432 kupungua nusu. Kikikutwa kwenye takataka kikiwa na alama ya miale mitatu nyeusi, hakifai kufunguliwa wala kuchomwa.

Kenya yenyewe ina hazina ya elementi hizi katika kilima cha Mrima, Kaunti ya Kwale, pamoja na niobiamu, ambayo ni metali ya mpito. Leseni ya kampuni ya Cortec iliyotaka kuchimba huko ilifutwa na serikali mwaka wa 2013, na kesi ambayo kampuni hiyo iliwasilisha mbele ya mahakama ya kimataifa ya usuluhishi ilitupwa mwaka wa 2018. Udongo wa kilima hicho una toriamu, na wakazi wa karibu huishi na mnururisho wa asili ulio juu kuliko kawaida.

Katika jiwe la aina ya Mrima, elementi hizo zote kwa pamoja huwa asilimia chache tu ya uzito. Katika sumaku ya diski ya kompyuta hukaribia asilimia 30, tena zikiwa zimeshasafishwa na mtu mwingine kwa gharama yake. Lakini sumaku hiyo ni ndogo na imegandamana na kipande cha chuma, hivyo mwenye mizani Dandora huinunua kwa bei ya chuma. Ikifika kiwandani na kutiwa tanuri, chuma huyeyuka na kuteremka chini, nayo neodimiamu huungana na oksijeni, ikaelea juu na kutupwa pamoja na mavi ya chuma.